Puliza Kwanza

Wenzake wa karakana ya ndege walimwita Sikio, kwa kuwa injini ikiunguruma alikuwa akiinamisha kichwa kama mtu anayesengenywa chumba cha pili. Alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, asiye na mtoto. Watu wake duniani walikuwa wawili tu: dada yake wa tumbo moja, na mume wa dada huyo, rubani. Yeye na shemeji yake huyo walitaniana hata majirani wakadhani wana ugomvi.

"Shemeji, kazi yenyewe kukaa tu, halafu unarudi umechoka!"

"Afadhali mimi nakaa. Wewe unalala chali chini ya chuma, unaita kazi."

Utani ulikatika siku injini ya kushoto ilipoanza kumgomea rubani huko juu. Akiingia kwenye mawingu ya baridi kali, anasukuma mkono wa mafuta mbele, injini haiitiki. Inanyong'onyea, ndege inavutwa upande, abiria wanang'ang'ania viti. Akishuka penye joto, injini inaamka yenyewe. Ikitua, mafundi wanaikagua: nzima kama kigoli. Ilipotokea mara ya tatu wakubwa wakasema ugonjwa hauko kwenye injini, uko moyoni mwa rubani. Wakamwita kikaoni, alasiri, aeleze kwa nini asiondolewe angani.

Asubuhi ya kikao Sikio alikuwa jikoni kwa dada yake. Dada alitoa chupa ya maji kwenye friza, akaipindua juu ya bilauri. Halikutoka hata tone. Barafu ilikuwa imeziba shingo.

"Kaka, mbona umekodoa macho? Ni chupa tu hii."

Katika shingo ile Sikio alikuwa ameuona mrija. Ubavuni mwa injini ile kuna mrija mwembamba kama penseli, unaopeleka presha ya hewa kutoka ndani ya injini hadi kwenye kipimo cha kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoamua injini inyweshwe mafuta kiasi gani. Unyevu ukijikusanya pale mrija ulipopinda, ukaganda, presha haifiki. Kompyuta inadhani injini imeishiwa pumzi, inaibania mafuta kwa kuihurumia. Rubani asukume apendavyo, hasikilizwi.

Sasa mbona hawakuyaona maji? Jibu lilimjia kabla swali halijaisha. Katika karakana yao, kabla ya kufungua mrija wowote, huupuliza kwanza kwa hewa ya kompresa, vumbi lisiingie kwenye maungio. Desturi hiyo aliileta yeye. "Puliza kwanza," ndiyo ilikuwa salamu yake kwa kila fundi mgeni. Basi waliyapuliza maji yakaenda zake, kisha wakafungua, wakachungulia, wakaapa kwamba mrija ni mkavu.

Ndege ile, mikononi mwa rubani mwingine, ingetua kabla ya adhuhuri, kutoka safari fupi ya chini chini isiyofika kwenye baridi. Maji yangekuwamo bado. Sikio alichukua kichupa kitupu cha dawa cha kuyakingia, akatoka bila kuaga.

Alipofika, ndege ilikuwa imeshatua na kifuniko cha injini kimeinuliwa. Fundi wa zamu, mama mmoja mnene mcheshi waliyemwita Spana, alikuwa anakunja mpira wa kompresa.

"Si jana uliniomba niiangalie kwa jicho la undugu?" Spana alisema, uso umemng'aa. "Kwa ajili ya shemeji yako, leo nimepuliza mara mbili!"

Sikio alimpita. Alifungua ungio, akatia kidole. Pakavu.

Alikwenda kwa mhandisi mkuu, akamweleza yote, kichupa kingali mkononi.

"Na hayo maji yako wapi?"

"Tumeyapuliza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mzee."

Mhandisi alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mimi nakuamini, Sikio. Ila imani yangu haiwekwi mezani wakaishika. Safari ijayo tutafungua kwanza, lakini kikao ni leo."

Kikaoni walimruhusu aseme. Alisema vizuri, polepole, akachora mrija kwa kidole hewani. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na wewe ni nani wake rubani?"

"Shemeji yake."

Wakubwa wakatazamana, wakatabasamu kidogo, kama watu wanaomsamehe mlevi, kisha wakamwondoa rubani angani.

Jioni rubani alikuwa kwenye kochi, viatu bado miguuni. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sikuwa naota? Injini ilikuwa inagoma kweli?"

"Kweli, shemeji. Hukukosea hata kidogo."

"Na uliyejua ni wewe tu, shemeji yangu."

"Ni mimi."

Rubani alitikisa kichwa, akaugeukia ukuta. Sikio alingoja utani, hata tusi. Havikuja.

Dada yake alikuwa amekaa sakafuni na koti la kazi la mumewe, akiifumua kwa wembe ile mistari ya dhahabu ya cheo mikononi, koti lipate kuvaliwa kwingine. Machozi yalimziba macho, uzi haukuonekana. Sikio akapiga magoti kando yake, akakivuta kitambaa kikakaza, ili wembe usije ukamkata.