Rundo la Maganda Nyuma ya Jikoni

Kosa langu lilikuwa usafi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani niliharibu siku ya wakwe kwa uvivu.

Nilikuwa mpishi katika hoteli moja Biharwe, pale Mbarara, Uganda, na jikoni mwetu mlikuwa na mapipa matatu: la maganda, la chupa za plastiki na la mabaki ya sahani. Aliyekosea pipa alinisikia. Nilikuwa mkali na nilijipenda hivyo. Basi dada yangu mkubwa aliponiita Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nimsaidie kuwapikia wakwe, nilifika na magunia yangu, kila moja na kazi yake.

Dada ni mjane, na binti yake ni huyo mmoja. Watu wa upande wa mchumba walikuwa wanakuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Hofu yake ilikuwa moja tu: binti asije akaingia kwao akiitwa mtoto wa nyumba ya njaa.

Tulimenya ndizi, mihogo na viazi tangu alfajiri. Saa nne nikamwita Mnyankore mmoja anayefuga nguruwe njia ya kwenda Juru. Akafunga magunia ya maganda kwenye baiskeli, akaondoka akiisukuma. Nikafagia nyuma ya jikoni mpaka pakang'aa, nikamwita dada aje anisifu.

Dada alishika kichwa. "Maganda iko wapi?"

"Nimempa mwenye nguruwe, yaya," nikamjibu, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu.

"Weye mwanamuke, umeniua! Shangazi yabo atapita huku nyuma kuangalia. Akikuta fasi safi hivi, atasema hatukupika kitu!"

Hapo nikakumbuka. Kwetu Kivu Kusini, Kongo, wanawake wakienda kwa wakwe, mmoja wao husingizia haja, akazunguka nyuma ya jikoni kuangalia maganda na manyoya ya kuku. Chakula cha mezani huenda kimetoka kwa jirani, lakini rundo wanaliamini. Mama yetu mwenyewe alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na mimi mapipa ya Biharwe yalikuwa yamenisahaulisha.

Nilipanda bodaboda na kitenge changu cha sherehe. Mwenye nguruwe nilimkuta mlimani, jasho linamtiririka.

"Nyabo, si umenipa wewe mwenyewe? Sasa nguruwe yangu itakula nini?"

Nilimbembeleza mpaka akageuza baiskeli, kwa ahadi kwamba jioni atarudishiwa yote na nyongeza. Kwa ajili ya nyongeza hiyo nilipita kwenye mkahawa mmoja nikaomba maganda. Mwenye mkahawa alinitazama kwa huruma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, maharagwe iko. Ingia tu." Nilitamani ardhi inimeze.

Tukamwaga kila kitu nyuma ya jikoni. Mimi, mwanamke wa mapipa matatu, nilitandaza uchafu kwa mikono yangu mwenyewe, na juu kabisa nikanyunyiza manyoya ya kuku ili yaonekane vizuri.

Wakwe walifika, wakamwomba Mungu, wakala. Kisha shangazi wa mchumba, mama mnene mwenye sauti nzito, akaulizia choo. Akatoka. Akakawia. Dada alinibana goti hadi likaniuma, na mimi pia niliogopa.

Shangazi akarudi, akakaa. "Bakwe, tumekula, tumeshiba, tunashukuru. Lakini niko na neno moja."

Dada akaliachia goti langu.

"Ile maganda kule nyuma, nani anaitupa vile? Miye niko na mbuzi ine. Nikiona kitu ya kulisha inaoza inje, roho inaniuma."

Dada hakupepesa jicho. "Ni huyu mudogo wangu, mama. Alizoea maisha ya muji. Hajui kuchunga bitu."

Nilifungua kinywa. Nikamtazama binti, amekaa na mikono mapajani. Nikaibeba lawama.

Shangazi akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jikoni kunifundisha. Maganda ya mihogo kando, yakauke kwanza, la sivyo mbuzi wanaumwa. Ya ndizi huku. "Na manyoya? Mutu gani anachanganya manyoya na maganda?" Nilikuwa nimeshika gunia langu mwenyewe la Biharwe, nikijibu, "Ndiyo, mama." Mwenye nguruwe alikuwa ameegemea baiskeli yake penye ua, akiyaona maganda yake yakienda kwa mbuzi wa shangazi. Nilimpelekea sahani ya nyama ili asiseme neno.

Dada alisimama mlangoni, kiganja mdomoni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Sikuwa nimemwona akicheka tangu amzike mume wake. Hakuna aliyetaja njaa; binti yake alikuwa amepata watu.

"Usisikie haya, mutoto," shangazi aliniambia akifunga gunia la mwisho. "Utajifunza tu."