Springi za Gitaa la Baba

Enzi zile, kwa sisi watoto wa kambi ya mkonge upande wa Pongwe, Jumamosi ilikuwa na harufu yake: muhogo wa nazi jikoni, maganda ya machungwa ya Muheza uani, na mafuta ya cherehani sebuleni. Mama hakuwahi kumiliki cherehani. Mafuta yalikuwa ya gitaa.

Baba alipiga solo katika bendi moja ya mjini Tanga. Gitaa la umeme lilikuwa mali ya bendi, ila lililala kwetu kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kulitunza. Lilikuwa na mkono mwembamba wa chuma, umechomekwa kwenye kibao kinachoshika nyuzi. Ukiubonyeza, nyuzi zinalegea na sauti inatetemeka kama ya mtu anayejizuia kulia. Ukiuachia, springi tatu zilizofichwa mgongoni mwa gitaa zinakirudisha kibao mahali pake. Kikirudi pungufu hata kwa unywele, gitaa zima limepotea.

Na hewa ya bahari yetu haina adabu, inakula kila chuma. Kwa hiyo kila Jumamosi Baba alililaza gitaa kifudifudi juu ya kanga kuukuu ya Mama, akafungua mfuniko wa nyuma, akasugua kutu, akapaka springi mafuta kwa unyoya wa kuku. Kwenye vijifereji vinavyopitisha nyuzi hakutaka mafuta. Huko alipaka unga wa risasi ya penseli. Penseli yenyewe ni yangu. Nilichapwa shuleni si mara moja kwa kufika na kipisi kisichoshikika, na nikimlalamikia alijibu kwamba muziki una gharama zake.

Kazi ngumu ilikuwa kuzilinganisha nyuzi. Upande huu zinavuta nyuzi, upande ule zinavuta springi. Ukikaza uzi mmoja, kibao kinainuka kidogo na nyuzi nyingine tano zinalegea. Unaanza upya. Katikati unazungusha skrubu za springi kwa bisibisi, robo tu, mpaka kibao kilale sambamba na mwili wa gitaa. Ilichukua raundi nne, pengine tano, ndipo vyote vitulie.

"Uzi haukosei," Baba alikuwa akisema. "Anayekosea ni mwenye haraka."

Masikio yake nilikuwa mimi. Siku za kazi alishinda kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge iliyokuwa na jina hilo kabla ugonjwa haujalichafua, na kelele zake zilikuwa zimemharibu masikio. Nyuzi nene alizisikia kwa kuegemeza kidevu kwenye mbao. Nyembamba hakuzisikia tena. Tuliojua ni yeye, Mama na mimi. Bendi ingejua, angepoteza nafasi yake, na nje ya gitaa Baba hakuwa na furaha nyingine. Basi mimi nilipuliza kinanda cha mdomo, yeye akapiga uzi, nami nikasikiliza na kusema, "Bado, Baba."

Jumamosi moja kulikuwa na harusi alasiri. Wenzangu walikuwa nje wanacheza rede, wananiita. Kwenye raundi ya tatu nikasema sauti imekaa. Haikuwa imekaa. Baba alinitazama kidogo, akafunga mfuniko.

Kule harusini, wimbo wa pili, aliubonyeza mkono akauachia, na nyuzi hazikurudi mahali pake. Aliendelea kupiga kwa raha, macho kayafumba. Mwimbaji akageuka, mpiga besi akaacha, watu wakaanza kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Jumatatu kiongozi wa bendi alikuja na shikamoo yake, akanywa chai ya mchaichai, akaondoka na gitaa. Baba hakupiga tena maishani mwake.

Niliibeba siri ile miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima, naye hasikii kitu kabisa, niliiandika nyuma ya kalenda nikampa asome. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona unatazama mlango. Nikasema, mtoto akacheze."

Akanirudishia kalenda yangu. Nililia, yeye akaniuliza kama nimeshakula. Hakufika masika yaliyofuata.

Siku hizi mpwa wangu ana gitaa la namna ileile. Springi zake sidhani kama amewahi kuziona. Penseli zake ni nzima. Anaweka mbele yake simu yenye programu inayosikiliza nyuzi, taa ya kijani ikiwaka amemaliza, dakika chache tu, kajifungia chumbani. Simu haina haraka wala haidanganyi, na namsifu kwa hilo. Enzi zetu kazi hiyo ilitaka watu wawili waketi pamoja, na mmoja aliweza kumwangusha mwenzake. Hata hivyo ningetoa simu zote za dunia nirudishiwe mchana ule mmoja, niketi kwenye mkeka na Baba, nisikilize raundi mbili zilizobaki.