Sufuria Yangu na Theluji ya Zawadi

Nikiri mapema ili tusisumbuane: ile sufuria iliyoonekana ikiteremka kilima cha bustani, ikifuatwa na mzee aliyevaa soksi juu ya viatu, ilikuwa yangu, na mzee mwenyewe ni mimi. Mke wangu ameshawasimulia nusu ya kanisa letu, na kila akisimulia kilima kinaongezeka urefu, kwa hiyo leo nisikieni mimi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini (napika katika nyumba ya wazee, hapa hapa Kingstanding, Birmingham) nafunga mlango, navuta blanketi, na hamnioni tena mpaka kesho. Sasa mtu wa aina hii Mungu akampa binti kama Zawadi, anayesoma chuo kikuu kule Edgbaston, ambaye jioni moja alitutangazia mezani ati anataka kwenda na chama chao kuteleza kwa ski huko milima ya Ufaransa, na si pale penye watu na vibanda vya kahawa, hapana, ni nyuma kabisa ya mlima, kwenye theluji ambayo haijakanyagwa na mtu.

"Na hiyo theluji ikiporomoka?" nikamuuliza.

"That's why tunajifunza kuipima, Baba. Kiongozi hampeleki mtu mpaka amwone akipima."

"Baba yako akikubali, utaenda," mama yake akasema (yeye ni nesi, anajua kumwachia mwenzake sindano). Nikasema nitafikiria, ambayo kwa lugha ya akina baba ni hapana.

Basi theluji ikaanguka Birmingham, ya kweli, mpaka mabasi yakasimama. Juu ikayeyuka kidogo, ikaganda barafu, halafu ikaanguka nyingine. Sisi tukalalamika, chama cha Zawadi kikashangilia: mtihani wa kupima theluji ungefanyika kwenye bustani iliyo karibu nasi, pale ukingoni mwa kilima ambapo upepo ulikuwa umelundika theluji hadi mapajani. Zawadi akabeba koleo lake, akageuka mlangoni.

"Baba, please, usije. Kaa tu nyumbani."

Jamani, maisha yangu yote hakuna aliyewahi kulazimika kuniambia nikae nyumbani, na siku nilipoambiwa ndiyo siku niliyotoka! Nilichungulia dirishani nikawaza, watoto wa watu wako huko kwenye baridi, na hakuna aliyewapa hata kitu cha moto. Kwetu hata anayekuchimbia choo hafanyi kazi bila chai. Chupa yetu ya chai ni ya mtu mmoja, kwa hiyo nikachukua sufuria kubwa, ile ya wageni, nikaijaza chai ya maziwa yenye tangawizi, nikafunga kifuniko kwa leso ya mama watoto, nikavaa soksi juu ya viatu nisiteleze, nikaenda. (Na pia, nisiwadanganye, nilitaka kuiona hiyo theluji kwa macho yangu ili hapana yangu iwe na ushahidi.)

Nikamkuta Zawadi ndani ya shimo, mbele yake ukuta wa theluji umekatwa wima kama keki, na katikati amechonga nguzo moja inayosimama peke yake. Alikuwa akimweleza kiongozi wao, mama mmoja Mwingereza mrefu anayeitwa Helen, kwamba hapa chini ni theluji ya zamani, hapa barafu, hapa juu ni mpya na bado haijashikana na barafu. Akalaza koleo juu ya nguzo. Kilichobaki ni kuligonga kwa mkono, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, aone nguzo itakatika wapi na kwa pigo gani. Huo ndio uliokuwa mtihani.

Mimi sikuona mtihani. Niliona meza.

"Karibuni chai!" nikasema, nikaitua sufuria juu ya koleo.

"Baba, no!"

Ile theluji ya juu ikateleza juu ya barafu nzima nzima, kama utando wa maziwa ukiupuliza, na sufuria juu yake. Nikairukia. Nikashika kifuniko, leso ikafunguka, sufuria ikaendelea, nami nikaendelea, kwa makalio, chai ikitutangulia, tukapita watoto na vigari vyao vya theluji, tukaangusha sanamu ya mtu wa theluji ya wenyewe, tukaishia kwenye miba. Huko juu nikasikia wanauliza huyo ni nani, na Zawadi, mtoto anayenijibu Kiingereza hata nikimsalimia, akasema kwa Kiswahili, "Ni baba yangu."

Helen akasema sawa, tumeona kwamba inateleza, lakini mtihani ni wa binti, si wa baba, kata nguzo nyingine. Mimi nikawekwa mbali, na kifuniko changu mkononi, moyo unadunda kuliko wa mtahiniwa. Zawadi akakata, akagonga kidogo tu, nguzo ikakatika pale pale kwenye barafu.

Helen akamuuliza, "Mlimani ukikuta mteremko kama huu, na wenzako wote wanataka kushuka?"

"Siendi. Nawageuza wote turudi."

"Wakikuita mwoga?"

"Waniite. Nimelelewa na mtu asiyetoka nyumbani."

Wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda (machozi yalikuwa ya upepo). Kumbe kazi yenyewe ni kujua kurudi! Helen akampitisha, nami nikakubali palepale aende, chai ikiwa bado ndani ya soksi.

Tangu siku hiyo nimeapa sitatua sufuria mahali mpaka nionyeshwe meza. Na Zawadi alipokuwa Ufaransa, asubuhi moja nikiwa chini ya blanketi langu, simu ikalia, ujumbe wake: "Baba, theluji ya leo haibebi hata sufuria tupu. Tumebaki ndani, tunakunywa chai."

Nikavuta blanketi, nikalala kama mtu aliyefanya kazi kubwa.