Mlango wa nyumba ya Bibi

Miaka yote hii nimekuwa nachora nyumba ya Bibi vibaya. Nimejua leo asubuhi, jua halijatoka hata vizuri.

Nilitoka mtaani Kimanga kwa moto, pikipiki ya kukodi, nikamwambia motari anayeiendesha aende polepole, maana mchoraji anasafiri kwa macho. Akacheka, lakini akapunguza. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Burundi ilikuwa ya buluu, ikaanza kuwa zambarau. Mitumbwi ilikuwa inarudi, mmoja bado na taa yake.

Tukasimama pale nyumba ilipokuwa kabla ziwa halijapanda na kuibeba.
Sasa ni maji tu.

Nikakaa kwenye jiwe, nikachora kutoka kichwani: kuta, mchikichi, mlango unaoangalia ziwa. Ndivyo ninavyoichora siku zote, na watu wananunua!

Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, akaja kuchungulia. Kumbe alikuwa jirani wa Bibi.

"Umekosea, mwanangu. Mlango ulikuwa unaangalia barabara."

"Hapana, mama. Minye nilikulia humu! Kila asubuhi nilikuwa nafungua mlango, naona maji."

Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ule iko mlango wa jikoni! Wa mbele ulikuwa wa wageni. Weye ulikuwa mutoto wa nyumba, ungeujulia wapi?"

Nikashika tena penseli.

Sijafuta kitu. Nimeongeza tu masufuria ya Bibi pembeni ya mlango, yamepinduliwa, yanakauka.

Nyie ambao ziwa lilichukua kwenu, mnakumbuka mlango gani?