Kantab, kwa Shangazi

Baba alikufa melini, siku chache kabla hatujafika Maskati, akatoswa baharini. Tulikuwa tumeikimbia Unguja baada ya mapinduzi, yeye, mama na mimi, na tegemeo letu lote lilikuwa Kantab, kijiji alichozaliwa, ambako alikuwa na dada yake mmoja. Tukashuka wawili. Jamaa tuliojuana nao mtaa wa Malindi, Unguja, wakatupa pembe ya chumba chao Matrah, jirani na Maskati, tukaitenga kwa kanga.

"Twende kwa wifi," mama akasema. "Mtu kwao. Kwao baba yako ndiko kwetu."

Njia ya gari haikuwapo. Wavuvi wa Kantab walileta samaki Maskati alfajiri, na asubuhi moja mzee mmoja wao akakubali kutuchukua wakirudi. Mama alifunga nguo zetu zote katika furushi moja. Hakubakisha hata leso.

Baba alikuwa akiisifia Kantab mpaka tukichoka kumsikiliza. Nilidhani ni mapenzi ya mtu na kwao. Mashua ilipopinda jabali la mwisho, ghuba ikafunguka mbele yetu: milima mikavu, myeusi, imezunguka pande tatu, na katikati maji ya kijani, safi hata nikakiona kivuli cha mashua kikienda chini mchangani. Nyumba chache za mawe na makuti ya mtende zilijibanza chini ya mlima.

"Hakutia chumvi," mama akasema, akaanza kulia.

Shangazi alikuja pwani mbio. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, jicho moja limeingia utando. Keshaambiwa wamekuja watu wa kaka yake. Akatukumbatia upesi upesi, uso umeelekea mashuani.

"Yuko wapi?" akauliza kwa Kiarabu.

Mama hakujua Kiarabu zaidi ya cha sala. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, maana nyumbani baba alisema nasi Kiswahili tu. Nikatafuta neno la adabu. Kwetu mtu mzima hasemwi kuwa kafa, husemwa kafariki, na nilijua neno hilo asili yake Kiarabu. Nikasema, "Faaraqanaa."

Shangazi akanishika kidevu. "Kawaacheni? Masikini! Wanaume ndivyo walivyo."

Ndipo nikafahamu kuwa kwao neno lile ni kuachana tu, mtu kwenda zake. Na kabla sijapata jingine, uso wake ulikuwa umeshanawiri.

"Basi atakuja kwangu," akasema. "Ana pa kwenda pengine?"

Akatupeleka kwake, chumba kimoja ambacho paa lake lilikuwa limeanguka upande. Akanyoosha kidole pale palipoanguka, akasema kaka yake atalitengeneza. Akatutilia kahawa, akatuwekea tende. Mama akanong'ona, "Unaona anavyotupenda? Nlikwambia."

"Mama, hajafahamu."

"Hajafahamu nini?"

"Anadhani baba yuhai."

Mama akaweka kikombe chini. "Basi mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi nna ulimi gani wa kumwambia?"

Nikamwambia shangazi neno la kufa kwa kila kitu, la mtu na la mbuzi: "Maata."

Hakupiga ukelele. Akauliza kaburi liko wapi. Sikuwa na maneno ya meli wala ya sanda, wala ya kile chuma walichomfunga miguuni azame. Nikanyoosha mkono kuionyesha bahari. Akayatazama maji kupitia mlangoni. Kisha akalitazama furushi letu.

"Na nyinyi mmekuja kukaa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mimi nilikuwa nikimngoja yeye aje anilishe," akasema, wala hakuwa na hasira. "Sasa nani atamlisha nani?"

Mama hakungoja nimfasirie. Alilivuta furushi magotini mwake, akalikumbatia.

Tulilala pale, asubuhi tukarudi na mashua ya samaki. Shangazi alitupa kipande cha papa mkavu, tulikataa, akalazimisha. Hakuja pwani kutuaga. Jua lilikuwa limeanza kuipiga milima, na ghuba ilikuwa nzuri kuliko jana yake. Nikaichukia kwa uzuri wake.

Mama akaanza kushona kofia za kuuza, pale pale Matrah nyuma ya kanga. Mwaka uliofuata tukasikia sokoni kuwa shangazi kafa, na matanga yamekwisha zamani. Mama akasema innaa lillahi, akaitafuta sindano yake, akaendelea kushona.

Mwaka wa sabini milango ya nchi ilipofunguka kwa watu wa Unguja, jamaa wakaja kwa wingi, kila mmoja na jina la mji wa baba yake mdomoni: huyu Rustaki, yule Nizwa. Walikuwa na furaha. Mama aliwapokea, akawapikia, akawafungia chakula cha njiani. Hakuwaambia kitu juu ya Kantab.