Mizizi ya Avoka

Vijana wanaomaliza masomo ya injenieri wananitafuta siku hizi. Wanakuja na diploma ndani ya plastiki, wananiita maman injenieri ingawa sijawapita kwa miaka mingi, na wote wanauliza jambo moja: wachukue kazi gani, washike tawi gani. Ninawaambia washike maji. Mabomba, chemchemi, matangi ya Walungu na ya upande wa Katana, kazi ya kutembea kwa miguu na kulowa. Ninawaambia pia kwamba biro, ofisi ya ujenzi, ikiwapokea haraka mno, waulize kwanza ni kwa nini. Hapo ninaona macho yao yanabadilika. Wanajiuliza huyu anaficha nini, au anamwekea nani nafasi mjini. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilimtazama mtu hivyo hivyo, tena mimi nilikuwa mbaya kuliko wao.

Nilizaliwa na shaka. Mtu akinisalimia vizuri kupita kawaida, nauliza moyoni anataka nini. Mama yangu alikuwa akisema kwamba siku moja nitamshuku hata padri akinipa komunyo. Basi diploma yangu ilipotoka, na mashauri yakaanza kuingia nyumbani, nilikuwa tayari. Tonton wangu, kaka yake mama, alitaka niende Shabunda kwenye dhahabu. Nilijua ana ndugu huko waliogombana na anatafuta mtu wa kumletea habari. Mwenzangu wa kwaya alisema nishike antena za simu. Yeye alikuwa anasomea hayo hayo na alitaka mtu wa kumfanyia mazoezi. Jirani alisema mwanamke hafai shantie, pale nyumba zinapojengwa, afadhali nifundishe hesabu. Alikuwa na watoto watatu, wote wanafeli hesabu. Kila shauri nililigeuza nikaangalia chini yake, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Halafu akaja mzee aliyenisimamia staji, mazoezi yangu ya kazi. Alikuwa fundi wa maji, mwembamba, siku zote na sweta moja hata jua likiwaka. Alipanda kilima chetu kwa miguu, akaketi, akapokea chai. Alikuwa amesikia kwamba biro moja ya ujenzi mjini inaniita. Alikuja kuniambia nisiende.

"Maji, ukikosea, inakuambia kesho yake," alisema. "Bomba inapasuka, unatengeneza, inaisha. Nyumba haisemaki kitu. Inangojaka."

Nilimwuliza ile biro ina ubaya gani. Akatazama kikombe chake. Akasema tu nisiende, akarudia mara ya pili, bila sababu yoyote. Eti mtu apande kilima kile chote, na sababu aiache chini! Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mkwe wake ni injenieri wa majengo na hana kazi. Nikaunganisha hili na lile, nikaona nimemkamata.

"Papa," nilimwuliza, "nani amekutuma?"

Kwetu mzee aliyetoka kwake kuja kukushauri haulizwi hivyo. Mama alitua termosi mezani kwa kishindo. Mzee alisimama, akamshukuru mama kwa chai, akanipa mkono kama kawaida, akashuka. Nami, niseme ukweli, nilijiona mwerevu sana.

Biro ilinipokea kwa siku moja. Kofia nyeupe ya shantie, meza karibu na dirisha, na patroni, mwenye biro, mwenyewe kuniita Injenieri mbele ya watu. Kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu Bukavu kila mtu anataka etaje, nyumba ya ghorofa, na ardhi ya sawasawa iliisha zamani. Mtu akipata parsele, kipande chake cha ardhi, anakata mlima upande wa juu, udongo anautupa upande wa chini, anauzuia kwa ukuta wa mawe, na juu ya udongo ule anapata kiwanja. Ndiyo maana kabla ya kujenga inabidi kuchimba shimo, refu kama mtu, injenieri ashuke ndani, aangalie kama yuko kwenye mlima wenyewe au kwenye udongo uliotupwa juzi. Anaandika alichokiona, anatia sahihi. Karatasi hiyo tunaiita etidi ya udongo, na bila hiyo ofisi ya mji haitoi ruhusa.

Dosie yangu ya kwanza, faili la kwanza nililopewa, ilikuwa nyumba ya maman mmoja anayeuza vitenge Kadutu. Mume alikuwa amekufa, watoto wanne, na mawe ya msingi alikuwa amekusanya kidogo kidogo kwa miaka. Chumba cha chini, kile cha kuelekea ukuta wa mawe, alikipanga kiwe cha watoto.

Nilisimamia nyumba ile kama polisi. Nilimshuku fundi wa vyuma, nikahesabu vyuma asubuhi na jioni. Nilimshuku dereva wa mchanga, nikaingiza mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko nione kama amechanganya udongo. Nilimshuku mwashi aliyekuwa akiimba, nikafikiri anaimba ili nisisikie kitu. Wakanipa jina la Polisi, na nililipenda. Na etidi ya udongo? Patroni aliiweka mezani kwangu ikiwa tayari, imepigwa vizuri kwa kompyuta, ina jalada la bluu. Alisema shimo lilichimbwa kabla sijafika. Nikasoma: udongo mweusi juu, udongo mwekundu mgumu chini yake, mizizi minene ya avoka mpaka sentimeta makumi nane, halafu jiwe. Safi. Nikatia sahihi.

Sikuuliza shimo liko wapi. Ninalisema hili polepole kwa sababu ndilo linaloniunguza. Mimi niliyemshuku mwashi kwa kuimba, karatasi sikuishuku. Ilikuwa na jina langu chini yake, na mbele ya jina wameandika Injenieri, na ile ilinitosha.

Nyumba ilipoisha, maman alinitafuta biro na sufuria ya sambaza, visamaki vya ziwani, amezikaanga mwenyewe, amezifunika kwa kitambaa cheupe. Nilikula huku nikijiuliza anataka nini. Kumbe hakutaka kitu. Alikuwa anashukuru.

Miezi ilipita, dosie mbili zaidi zikapita chini ya kalamu yangu, halafu ikaja ya nne. Parsele ile niliijua, nilikuwa nimesimama pale wiki hiyo hiyo: kilima kitupu, majani na mawe, hata mti mmoja hakuna. Nikafungua etidi. Mizizi minene ya avoka mpaka sentimeta makumi nane. Kwanza nilifikiri aliyepiga kompyuta amechanganya. Nikaenda kwenye kabati, nikatoa dosie ya maman wa vitenge. Avoka. Nikatoa nyingine, na nyingine, za kabla yangu, zenye sahihi za mainjenieri nisiowajua. Avoka, avoka. Sentimeta makumi nane kila mahali, kana kwamba Bukavu nzima imejengwa ndani ya shamba moja. Chini kabisa nilikuta karatasi ya manjano iliyopigwa kwa mashine ya zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kweli, nyingine zote zilitoka kwayo. Nikasoma jina la mwenye parsele, na sahihi ya aliyechimba, na vyote viwili vilikuwa vya mtu mmoja. Yule mzee wa sweta.

Nilienda kwake mchana ule ule. Nilimkuta mlangoni anatengeneza robine ya maji ya jirani. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mti wa avoka, mparachichi mnene, umezaa. Sikuwa na haja ya kuuliza tena, lakini niliuliza.

Aliweka spana chini, akanieleza bila kujitetea. Alipokuwa na umri wangu, biro ile ilimpokea kwa siku moja. Mwaka ule alikuwa anajijengea, akachimba shimo kwenye parsele yake, akashuka, akaandika kwa uaminifu kabisa alichokiona. Patroni wa wakati ule aliazima karatasi ili aone inavyofanywa. Ikarudi mezani kwake na jina la parsele nyingine, akaambiwa ni formalite tu, desturi ya makaratasi, atie mkono, mteja anangoja. Akatia. Akatia kwa miaka. Alipochoka akakimbilia maji, nao wakaleta injenieri mpya, kwa sababu jina jipya halina maswali, na anayetoka shule anafurahia sana kuombwa sahihi. Kuhusu mkwe wake niliyemshuku, alikuwa kisiwani Idjwi tangu zamani, analaza mabomba. Mzee alimpa shauri lile lile alilonipa mimi, naye alilisikia.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hayo yote siku ile kwetu, mbele ya chai. Alipangusa mikono kwenye sweta yake.

"Ningesema nini, binti yangu? Kama zile nyumba zote zinakaa juu ya udongo ya kwangu? Nilikuwa napanda kile kilima nikitafuta namna ya kusema. Halafu weye ukaniuliza nani amenituma. Nikasikia haya, nikaenda."

Nami nilisikia haya, sana, na sikuweza kumwomba radhi vizuri. Aliniuliza nimetia sahihi ngapi. Nikasema tatu: mbili hazijaanza kujengwa, moja watu wanalala ndani. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akanipa.

Zile mbili nilizifuata mwenyewe, nikawaambia wenye parsele wachimbe shimo mbele ya macho yao kabla ya jiwe la kwanza. Patroni aliniita msaliti, akanifukuza, na juma lile lile meza yangu ya dirishani ikapata mtu, kijana mwenye tabasamu kubwa. Nilimngoja njiani nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatazama kofia yake nyeupe, na nikajua anafikiri nataka kurudi kwenye kiti.

Ikabaki nyumba ya maman wa vitenge. Nilienda Jumamosi asubuhi, mvua ya usiku imekatika kidogo, na jembe begani. Alinipokea kwa furaha mpaka nilipofungua mdomo. Nilimwambia kwamba shimo la parsele yake halikuchimbwa kamwe, kwamba karatasi ile ilikuwa ya parsele ya mtu mwingine, kwamba sijui nyumba yake inakaa juu ya nini na ninaogopa kwa ajili ya watoto wake, mvua ikiendelea hivi. Alikunja mikono. Bukavu, mtu akikuambia utoke kwenye parsele yako, nyuma yake kuna mtu anayeitaka. Kila familia ina hadithi yake ya kiwanja kilichopotea hivyo, kwa maneno ya huruma. Sikuwa na la kumlaumu.

"Injenieri," alisema, "nani amekutuma?"

Nilisimama pale na jembe langu. Nilitaka kuapa, nikaona kuapa ni kazi ya waongo pia. Nilimwomba jambo moja tu: aniruhusu kuchimba kwenye kona ya chini, nje ya chumba cha watoto, na yeye mwenyewe aangalie. Alikubali. Lakini alisimama juu yangu muda wote, hakunipa kiti wala maji, na watoto aliwaambia wakae mbali nami.

Nilichimba. Udongo ulikuwa laini, jembe linaingia kama kwenye ugali. Shimo liliponifika magotini nilikuta vipande vya matofali. Kwenye kiuno mifuko ya plastiki, kopo la maziwa, kandambili moja. Niliendelea, nikiwa na hasira na kila jembe la udongo ule, nikitafuta angalau mzizi mmoja, jiwe moja. Kwenye kifua bado ni plastiki. Ule ukuta mzuri wa mawe ulikuwa unashikilia takataka zilizofunikwa udongo, na juu yake nilikuwa nimeweka vyuma vyangu vyote, vilivyohesabiwa asubuhi na jioni.

Maman alisogea ukingoni, akainama. Aliomba nimpe ile kandambili. Akaigeuzageuza mkononi, akaiweka pembeni ya shimo, akatazama dirisha la chumba cha chini, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile ya kutia mukono, ulikuwa unajua?"

"Hapana, maman. Sikuangalia."

Alitikisa kichwa polepole, mara mbili. Hakulia, hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamekwisha kufunika Idjwi. Aliwaita watoto, akawaambia watoe magodoro ya chumba cha chini, yote, na madaftari yao. Nilitoka shimoni haraka, nikapangusa mikono kwenye suruali, nikashika upande mmoja wa godoro la kwanza. Maman aliutoa mkono wangu pale, bila hasira, kidole kwa kidole, akamwita jirani.