Mgongo wa Mama Jentriks

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mvua ya mawe ilikuwa imetoka tu kuyapiga majani ya chai, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya jiwe la kufulia nguo pale kambini kwa wachuma chai, nawaamuru wanawake kumi na wawili wainame waguse vidole vya miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuna mtu aliyenituma kufundisha. Nilikuwa na haraka tu, na haraka hiyo nimekuwa nayo tangu utotoni; mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa njiani kwa sababu sikuweza kungoja afike nyumbani. Hata sasa unaona siwezi kukusimulia nikiwa nimekaa. Nivumilie nitembeetembee.

Umerudi kutoka Nairobi na cheti cha kufundisha yoga. Rafiki yako naye amesomea pilates, yale mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno, na mnataka kufungua darasa moja pale mjini Kericho. Juzi niliwasikia jikoni mkibishana ni ipi iliyo bora, mpaka maziwa yakafurika jikoni na hakuna aliyeona. Mimi nilikwenda zangu kulala. Lakini sikulala vizuri, maana hayo mambo nimeyaonja kabla hamjazaliwa, na nilimwumiza mtu.

Nilitoka Maragoli nikaja huku kuchuma chai miaka michache baada ya uhuru. Watu hudhani kuchuma chai ni kazi ya vidole. Ni kazi ya kiuno. Unainama juu ya mche tangu asubuhi, kikapu mgongoni kinazidi kuwa kizito, mteremko unateleza, na nyapara yuko nyuma yako. Kila mtu ana mstari wake. Nami nilikuwa mwepesi, nasema kweli bila kujisifu, au basi nikijisifu kidogo. Lakini mwaka wa tatu kiuno kilianza kunikata, nikawa nashuka kitandani kama mwanamke wa miaka sabini.

Pale sokoni Roret palikuwa na duka la vitambaa la mjane mmoja Mhindi tuliyemwita Mama Savita. Siku moja aliniona nimeegemea kaunta nikijisugua kiuno. Hakuniuliza nataka kitambaa gani. Aliniuliza nimezaa mara ngapi, nalala juu ya nini, nabeba kikapu bega gani. Nikashangaa. Mwisho akaniambia nije Jumamosi mchana, duka likifungwa, niingie chumba cha nyuma.

Nikaenda. Nilidhani nitapewa dawa ya kupaka. Mama Savita akatandika mkeka, akaniambia nikae, nifumbe macho, nivute pumzi na kuitoa polepole. Basi. Jumamosi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mwanangu, nilitaabika. Nilikuwa nimekaa pale nikiwaza maharagwe yangu yaliyo motoni, nguo zangu zilizo kwenye kamba, na huyu mama anayenifundisha kupumua kana kwamba nilikuwa maiti nikafufuka. Wanawake wa kanisani walikuwa wameshaanza kuninong'onezea kwamba ile ni dini ya Wahindi, lakini hilo halikunisumbua, maana hakunitajia mungu yeyote, alinitajia mapafu. Kilichonisumbua ni kungoja.

Jumamosi ya nne niliwahi kufika. Pazia lilikuwa wazi kidogo, nikamwona Mama Savita mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, ameketi na miguu ameinyoosha, ameinama mpaka paji la uso limelala juu ya magoti. Nikajiambia, kumbe dawa yenyewe ndiyo hii, ile ya kupumua ni ya kunipotezea wakati. Nikageuka nikarudi kambini. Nikajaribu chumbani kwangu wiki nzima, na kwa kuwa nilikuwa kijana na viungo laini, nikaweza. Kiuno kikapata nafuu. Sikujua ni zile Jumamosi tatu za kukaa kimya zilizokuwa zimenisaidia.

Hapo ndipo nikapanda juu ya jiwe la kufulia. Wanawake wa kambi wote walikuwa na viuno vibovu, na habari zilienea upesi. Wakaanza kuniita mwalimu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa Jumapili mbili tu, ya tatu nikawa napiga filimbi.

Kulikuwa na jirani yangu, Mama Jentriks, mjane wa kwetu Maragoli, mwenye umri wa kunizaa. Ndiye aliyenipokea nilipofika, akanionyesha jinsi ya kufunga eproni ili umande usiingie. Binti yake Jentriks alikuwa darasa la saba katika shule ya kambi, na mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka. Mama Jentriks aliishi kwa ajili ya mtihani ule. Jumapili ile ya mvua ya mawe alikuja darasani kwangu, akainama, mikono ikaishia magotini.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Sisi wachumaji tulikuwa na desturi. Wewe mwepesi ukimaliza mstari wako, hukai. Unazunguka, unaingia mstari wa mwenzako aliyebaki nyuma kwa upande wa pili, unachuma ukimwendea mpaka mkutane katikati. Huo ndio upendo wa shambani. Mama Jentriks nilikuwa nimemmalizia mistari mingi, naye akinibariki kila mara. Basi nilipomwona amekwama pale magotini, nilifanya nilichozoea kufanya. Nilishuka kwenye jiwe, nikaenda nyuma yake, nikaweka viganja vyangu viwili mgongoni mwake, nikasukuma. Nilifikiri namsaidia kumaliza.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, akakaa chini kwenye majani yenye baridi, na hakuweza kuinuka. Tulimbeba wanne.

Kesho yake hakwenda shambani, wala keshokutwa. Nyapara wetu alikuwa Mkipsigis mmoja mpole wa sura lakini mkali wa kazi. Alikuja mlangoni kumwuliza ameumia wapi. Mama Jentriks akamjibu tu kwamba mgongo unauma. Hakunitaja. Angenitaja ningefukuzwa, maana mikusanyiko ya namna ile kambini ilihitaji ruhusa, nami sikuwa nimeomba. Nyapara akasikia kwa wengine kwamba Jumapili kulikuwa na kelele na kuanguka, akaamini ni pombe. Akampa mpaka mwisho wa mwezi: asiporudi kuchuma, nyumba atapewa mchumaji mwingine. Na nyumba ikienda, shule ya Jentriks imeenda, miezi miwili kabla ya mtihani.

Mimi nilisimama nyuma ya mlango wangu nikisikia yote, na nilinyamaza. Ndiyo, mwanangu. Nilinyamaza. Usinitazame hivyo, mimi mwenyewe nimejitazama vibaya zaidi.

Nikakimbilia Roret kuomba dawa. Mama Savita alikuwa anakunja kitambaa, akakiweka chini. Akaniuliza huyo mama amezaa mara ngapi, amebeba kikapu miaka mingapi, aliwahi kuanguka. Sikujua hata jibu moja, na tulikuwa tunatenganishwa na ukuta wa bati. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini maneno yale yangenikata hata kwa lugha ya mabubu:

"Wewe nasukuma mgongo ya watu, lakini hapana jua hiyo mgongo natoka wapi."

Kisha akanikalisha juu ya gunia, akaniambia alikotoka yeye. Baba yake alikuwa fundi wa reli pale Kisumu. Yeye alizaliwa na kifua kibaya, usiku na mchana anakoroma kama paka, na wenzake wakicheza yeye yuko barazani anatafuta hewa. Babu yake ndiye aliyemkalisha chini akamfundisha kupumua, mwaka mzima, kabla hajamruhusu kuinama hata mara moja. Ndiyo maana aliamini pumzi ndiye mwenye nyumba na mwili ni nyumba, na mgeni hupiga hodi kwa mwenye nyumba kwanza. Hakuwa amelisoma mahali. Lilikuwa limemtoka kifuani mwake mwenyewe. Nilipomwomba aje amtibu Mama Jentriks, alikataa. Alisema yeye anajua pumzi, mgongo ulioumia hajui, nimpeleke hospitali ya misheni kwa Sista.

Tulimpeleka kwa gari la maziwa. Sista Helga alikuwa mzungu mrefu, anachechemea. Katika chumba chake kulikuwa na kitanda cha chuma alichokifunga springi kichwani na miguuni, wagonjwa wanalala chali na kuzivuta. Leo ningesema ni pilates, siku hizo tulisema ni kitanda cha Sista. Na unajua alianzaje? Hakugusa chochote. Alivuta kiti, akamwuliza Mama Jentriks amezaa mara ngapi, amebeba nini, miaka mingapi, aliwahi kuanguka wapi. Nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba Mama Jentriks alianguka na kikapu korongoni miaka sita nyuma, na tangu siku hiyo hajawahi kuinama mpaka chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nililia pale pale mbele ya wagonjwa.

Sista naye alituambia habari zake. Kwao alikuwa mcheza ngoma za jukwaani, akavunjika nyonga, wakamwambia hatacheza tena. Mwalimu mmoja akamlaza juu ya kitanda cha namna ile na kumfundisha kukaza tumbo na kiuno kwanza, kidogo kidogo, kabla ya kuinua hata mguu. Kwa hiyo yeye aliamini nguzo ya katikati. Mama Savita angemwambia legeza, Sista alimwambia kaza. Mngewaweka jikoni hao wawili wangebishana kama ninyi. Lakini kila mmoja alitoka kwenye maumivu yake, na kila mmoja aliuliza kabla ya kugusa.

Sista alisema mgongo utapona ukipewa miezi mitatu. Sisi tulikuwa na siku kumi na moja.

Sasa ningeweza kwenda kwa nyapara siku ile ile, nikamwambia huyu mama hakulewa, mimi ndiye niliyemwumiza, amhurumie. Sikwenda. Kila asubuhi niliamka nikisema leo. Shambani nilichuma kama mwenda wazimu, jioni nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, nikafagia uwanja uliofagiwa. Miguu yangu ilikwenda kila mahali isipokuwa kwa nyapara. Mimi niliyekuwa na haraka ya kila kitu, jambo moja tu ndilo nililolichelewesha, nalo ndilo lililotaka haraka.

Nilipokwenda ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mbele yake na kikapu mgongoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bila hasira, na afadhali angekasirika:

"Hiyo nyumba nilishapatia mtu Jumanne, anaingia mwezi ukiisha. Ungekuja Jumatatu, mama, ningemweka kwa watoto."

Alimaanisha kazi ya kuwatunza watoto wachanga wa wachumaji, kazi ya kukaa, ambayo angeiweza hata na mgongo ule. Jumatatu nilikuwa nafagia.

Hakunifukuza, alinihamishia kupogoa, kazi ya wanaume. Mama Jentriks akarudi Maragoli akiwa amelazwa nyuma ya lori. Jentriks nilimchukua chumbani kwangu. Tulilala kitanda kimoja, nikampikia, nikamwamsha asome, na sikuthubutu kumwomba anisamehe kwa sababu angeweza kukubali kwa adabu tu. Alifanya mtihani. Desemba nikamrudisha kwa mama yake.

Tulimkuta amekaa uani anachambua mboga. Alikuwa anatembea kwa fimbo, kila asubuhi akilala chali na kufanya yale madogo ya Sista. Nilipiga magoti nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima ya basi, yakanitoka yote kwa mpigo mmoja, hayana kichwa wala miguu. Akaninyamazisha. Akanigeuzia mgongo, pale pale juu ya kigoda, akasema:

"Weka mkono hapa, Roda. Lakini usisukume."

Niliweka. Nikausikia mgongo ule ukipanda na kushuka, nikasikia mahali pamoja palipokaza kama fundo, na pumzi ikifika hapo ikisita, kisha ikizunguka, kisha ikipita. Jentriks alimaliza kuchambua zile mboga, mkono wangu bado upo pale. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kutotaka kuondoka mahali nilipo.

Mwanangu, sikukatazi kufundisha. Yoga au pilates, hilo mtamaliza wenyewe, na maziwa mtanunua mengine. Ninalokuambia ni hili. Mtu akiingia darasani kwako, usimwonyeshe kwanza unachoweza. Mwulize alikotoka: amebeba nini, amezaa nani, ameanguka wapi, na ungoje ajibu, hata akichelewa. Cheti chako kinasema ulichofundishwa, hakisemi umemjua nani. Usilolijua, mpeleke huyo mtu kwa anayelijua, kama Mama Savita alivyofanya, na haikumpunguzia kitu. Kwa mwili wa mtu nenda polepole, mwenda pole hajikwai. Lakini ukikosea, na utakosea, hapo usiende polepole. Kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, kabla Jumatatu haijapita.

Haya, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe mikono inayosikia kabla ya kusukuma. Akupe wanafunzi watakaokuambia ukweli, na akupe miguu ya kuufuata ukweli ungali na faida. Watu wakitoka kwako watoke wamenyooka. Amina.